Mwizi wa Miche ya Hafsa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hafsa aliimwagilia miche ya michungwa aliyoiotesha mwenyewe kwenye viriba, vifuko vya plastiki, nyuma ya nyumba yao, Kabuku. Jumatatu moja akakuta viriba vyote havipo.

"Ni Yordani tu!" alifoka. Wiki iliyopita Yordani, anayesoma naye darasa la sita, aliicheka miche hiyo. "Atanitambua!"

Alikimbilia kwa Shangazi Zamda, jirani yao. Zamani shangazi aliuza chai stendi ya Segera, akisikiliza abiria wakisimulia visa vya wizi. Sasa anaandika vitabu vya upelelezi, vinauzwa hadi Korogwe.

"Shikamoo shangazi. Yordani kaiba miche yangu. Mtie kitabuni. Aozee jela!"

"Marahaba. Ushahidi uko wapi?"

"Si alinicheka?"

"Basi siandiki."

Hafsa akaona isiwe tabu. Wakati wa mapumziko aliwasimulia wenzake kisa cha wizi wa miche, akataja jina. Darasa zima likamwita Yordani mwizi. Hafsa alipomwona anakula peke yake, moyo wake ukaburudika kabisa. Alhamisi Yordani hakuja shule.

Habari zikamfikia shangazi. Alikuja amekasirika, akakagua uwanja.

"Mwizi gani huyu hajamwaga hata udongo? Jembe la baba yako liko wapi?"

"Ameenda nalo shamba, Kwaluguru."

"Lini?"

Hafsa alisita. "Jumatatu alfajiri."

"Basi msubiri arudi," shangazi alisema. Kesho yake baba alirudi akitabasamu. "Mwanangu, mvua imeanza! Nimekukatia kipande cha shamba, miche yako nimeipanda yote. Nilitaka ushtukie tu!"

Badala ya kufurahi, Hafsa aliangua kilio.

Shangazi alimshika mkono hadi kwa akina Yordani. Hafsa aliomba radhi, lakini Yordani hakumtazama.

"Kayaseme darasani," alisema, "mbele ya wale wale."

Jumatatu Hafsa alisimama mbele ya darasa, akasema yote. Yordani, aliyekuwa amesimama mlangoni, alirudi kwenye dawati lake na wenzake wakamsogelea. Salamu ya Hafsa hakuiitikia.

"Shangazi, mbona bado amenuna?" Hafsa aliuliza jioni.

"Mimi nikimsingizia mtu kitabuni, nachana karatasi, yamekwisha. Wewe umemsingizia mtoto wa watu. Ukipandwa na hasira, uliza kwanza. Na kesho msalimie tena, hata asipoitikia."