Barua ya Mjane wa Skelbeck

Sanduku la kioo halikuvunjwa. Kufuli lake lilikuwa limefungwa vizuri, ufunguo ukining'inia mahali pake nyuma ya majoho ya wanakwaya, na pazia la dirisha lilikuwa limeshushwa. Barua tu ndiyo iliyokosekana.

Mchungaji Philippa Lunn aliligundua hilo Jumatatu saa mbili asubuhi, alipoingia kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu kuchukua miwani yake. Ilipofika saa tatu, Inspekta Hester Raine wa kitengo cha upelelezi alikuwa ameinama mbele ya sanduku lile, mikono nyuma, akilitazama kama mtu anayetazama kisima.

Hester alizaliwa Skelbeck, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa kilichopotea. Wiki tatu nyuma, seremala aliyekuwa akitengeneza viti vya kwaya alibandua ubao mmoja na kukuta barua nyuma yake. Iliandikwa mwaka 1483 na mjane wa kijiji hicho aitwaye Agnes, akimwandikia dada yake. Ilimtaja mfalme. Na huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ukisema mfalme bila kutaja jina, watu wanajua ni Richard wa Tatu.

Nchi nzima inamjua Richard kuwa ni yule aliyemnyang'anya kiti cha enzi mtoto wa marehemu kaka yake, kijana wa miaka kumi na miwili, akamfungia pamoja na mdogo wake katika Mnara wa London, na watoto wale hawakuonekana tena. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Bosworth, na mshindi wake, Henry Tudor, akaanzisha ukoo mpya wa wafalme. Watu wa Skelbeck husema habari za Richard ziliandikwa na waliomuua, kwa hiyo usitegemee uzuri. Wanamzungumzia kama jirani aliyesingiziwa juzi tu.

Barua ya Agnes ilikuwa na kurasa mbili zilizogandamana kwa unyevu. Ukurasa wa kwanza ulikwisha kusomwa, na ulikijaza kijiji furaha. Agnes alieleza jinsi Richard alivyoshuka farasi mlangoni kwake, akauliza hali ya binti yake mgonjwa, na kesho yake akamtuma tabibu. Ukurasa wa pili ulikuwa ukingoja wataalamu wa nyaraka kutoka York, ambao wangekuja Jumatano kuubandua. Kisha barua nzima ingesomwa kanisani tarehe ishirini na mbili Agosti, siku aliyouawa mfalme.

"Nani anajua ufunguo unapokaa?" Hester aliuliza.

"Mimi," alisema Mchungaji Lunn. "Seremala. Mwalimu Enid, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa Marafiki wa Mfalme, chama chetu cha kumsafisha jina. Na Jumamosi Dakta Entwistle alikuja kuipiga picha, akaniona nikiuchukua. Jana baada ya ibada barua ilikuwapo, na jioni nilifunga kanisa."

Sajenti Dinsdale, msaidizi wa Hester, alifunga daftari lake kana kwamba kesi imekwisha. Dakta Roland Entwistle alikuwa mwanahistoria aliyeandika vitabu viwili kuthibitisha kwamba Richard aliwaua watoto wale wa kaka yake. Tena alikuwa Mlankasta, mtu wa Lancashire, upande wa pili wa milima, ambako mababu zao walipigana na mababu wa huku kwa miaka thelathini kugombea taji.

"Mlankasta huyo, Inspekta," Dinsdale alisema. "Kwao hata chai hawajui kupika."

"Kutojua chai si kosa la jinai, Dinsdale."

Wataalamu wa uchunguzi hawakupata alama za vidole juu ya kioo. Mwizi alivaa glavu. Lakini Hester aliona jambo lingine. Ndani ya sanduku mlikuwa na vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, na karatasi maalumu iliyotandikwa chini ya barua. Vyote vilichukuliwa. Na pazia, ambalo Mchungaji hakulishusha, hushushwa ili jua lisiunguze karatasi.

Mtu anayetaka kuangamiza barua haibebei godoro lake, aliwaza. Huyu anaitunza.

Alasiri ile walimhoji Entwistle katika kituo cha polisi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyechoka kutukanwa.

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Preston, huko kwetu, kwa dada yangu. Tulikuwa kumi na moja mezani. Waulize wote."

"Barua ile ilikuwa inakuharibia kazi yako."

"Ukurasa mmoja, Inspekta. Mfalme kutuma tabibu hakumfanyi asiue. Nilikuwa nausubiri ule wa pili kuliko mtu yeyote. Ningeiiba kabla haijafunguliwa, nina wazimu?"

Alimwonyesha picha alizopiga Jumamosi saa sita mchana. Kurasa zilikuwa zimeshikana kama ulimi na kaakaa. Hester alizitazama muda mrefu, kisha akampigia simu Mchungaji Lunn kumuuliza kama kuna picha nyingine yoyote. Ilikuwapo moja. Mchungaji aliipiga mwenyewe baada ya ibada ya Jumapili, kwa ajili ya jarida la kanisa.

Hester aliziweka picha mbili pamoja juu ya meza. Katika ile ya Jumapili, pembe ya ukurasa wa juu ilikuwa imeinuka kidogo, na kivuli chembamba kilipita chini yake.

"Imeshabanduliwa," Dinsdale alisema polepole.

"Imebanduliwa, imesomwa, ikarudishwa. Kati ya Jumamosi mchana na Jumapili asubuhi. Kisha ikaibwa Jumapili baada ya ibada. Aliyeiba hakuogopa kitakachoonekana ukurasa wa pili. Alikwisha kukiona."

Walirudi kanisani kuuliza nani aliingia Jumamosi jioni. Jibu lilikuwa ukutani, kwenye orodha ya zamu za kupamba maua. Hester alilisoma jina, akalisoma tena. Ndilo jina lililoandikwa chini ya ripoti zake zote za shule tangu alipokuwa na miaka saba.

Jumanne asubuhi alimwacha Dinsdale ndani ya gari, akaenda peke yake.

Mwalimu Enid Coverdale alikuwa na miaka sabini na ushei, hakuwahi kuolewa, na nyumba yake ilinukia keki ya tangawizi kama ilivyonukia miaka yote. Alimkaribisha Hester, akamimina chai, akamuuliza habari za mama yake, na kama goti la mama lilikuwa limepona. Hester alijibu yote. Kisha akaweka zile picha mbili kando ya sahani.

"Mwalimu, Jumamosi ulikuwa na zamu ya maua."

"Nilikuwa nayo."

"Ulifungua sanduku?"

Mwalimu Enid alizitazama picha, akazisogeza ziwe sambamba, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

"Ulitumia nini kubandua?" Hester aliuliza.

"Kisu cha mfupa na mvuke wa birika. Ilinichukua saa mbili na nusu nzima. Sikuchana hata uzi." Alimsogezea zile picha. "Ulikuwa mwanafunzi mzembe wa tarehe, Hester, lakini macho ulikuwa nayo."

"Iko wapi?"

Ilikuwa katika chumba chenye baridi upande wa kaskazini wa nyumba, katikati ya ramani kubwa za shule, juu ya karatasi yake, vifuko vyake vikiwa kando. Mwalimu aliileta kwa mikono miwili. Hester alimsomea haki zake kwa mujibu wa sheria, na bibi yule akamngojea amalize kama alivyomngojea zamani asome kwa sauti darasani.

Kisha akamwambia kilichoandikwa. Mtoto wa Agnes, Robert, alikuwa mlinzi katika Mnara wa London. Alirudi nyumbani vuli ile, hali, halali, hasemi. Mama yake alipomuuliza habari za wale watoto wawili wa marehemu mfalme, aligeuza uso ukutani.

"Agnes hasemi nani alifanya nini," Mwalimu alisema. "Lakini nimefundisha miaka arobaini kwamba labda walitoroshwa, labda walizeekea ng'ambo. Na hapa hapa kijijini kwetu kuna mama aliyejua wamekufa."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Niichome? Ya mwaka 1483?" Alimtazama Hester kwa mshangao wa kweli. "Nilitaka isisomwe nikiwa hai. Basi. Jumamosi niliirudisha, nikasema acha iwe. Jumapili nikakaa ibada nzima nikijua ipo nyuma ya ukuta. Sikuweza."

"Mwalimu, huyu ni mfalme aliyekufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Hutapoteza kazi, hutapoteza nyumba. Kuna kitu hujaniambia."

Bibi aliweka kikombe chini, akageukia dirisha. Alisema akiliangalia.

Baba yake, Amos, alikuwa akifanya kazi kwenye kibanda cha ishara za reli. Usiku mmoja wa theluji, Enid akiwa na miaka tisa, treni mbili ziligongana nje ya Skelbeck na watu sita wakafa. Ilisemekana Amos alilala kazini. Mtu akaandika MUUAJI kwa rangi kwenye mlango wao, na baba akakataza usifutwe. Alikufa mwaka uliofuata bila kujitetea kwa neno moja.

"Muhula ule ule mwalimu wetu akatufundisha habari za Richard. Akasema, huenda watu walimsingizia. Nikainua kichwa, Hester. Kwa mara ya kwanza tangu ajali. Nikajiambia, kama mfalme anaweza kusafishwa jina baada ya karne tano, basi hata baba yangu. Nilipousoma ule ukurasa..." Alishika ukingo wa meza. "Niliona nimempoteza mzee wangu mara ya pili."

Hester hakuandika sentensi hiyo kwenye maelezo ya kukiri. Aliandika zilizohitajika tu, Mwalimu akasahihisha koma moja, akatia saini.

Kanisa halikutaka kesi. Barua ilirudi salama, na wataalamu wa York walipoona ilivyobanduliwa walimuuliza mchungaji ni fundi gani. Mwalimu Enid alipewa onyo rasmi la polisi, akajiuzulu uenyekiti, akaacha kutoka nje. Mchungaji Lunn alimwomba mara tatu aisome barua siku ya ishirini na mbili, kwa kuwa hakuna aliyeujua mwandiko ule kuliko yeye. Mara tatu alikataa.

Siku moja kabla, Hester alibisha tena mlangoni kwake. Safari hii alikuwa na jalada la kahawia kutoka hifadhi ya nyaraka za jimbo.

"Uchunguzi wa ajali ile ya reli," alisema. "Nimelisoma. Si lote zuri, Mwalimu. Nikilirudisha bila wewe kulifungua, sitakulaumu."

Bibi alilichukua. Halafu akavaa miwani na kuketi.

Alisoma taratibu, kila ukurasa, kidole chini ya mistari. Mahali pamoja kilisimama.

"Kwa hiyo alikosea. Aliinua ishara isiyo sahihi."

"Alikosea."

"Lakini hakulala." Kidole kilisogea. "Alikuwa zamu kwa saa kumi na tisa mfululizo. Wa kumpokea hakuja. Alipiga simu kuomba mtu." Aligusa mstari uliofuata. "Mara mbili."

"Mara mbili. Na saa zimeandikwa. Haikusomwa mbele ya watu, lakini iliandikwa."

Mwalimu Enid alivua miwani na kulia, bila kujificha, kama mtoto wa miaka tisa. Hester alimshika mkono akakaa naye. Chai ilipoa.

Alipopata sauti tena, alisema kwamba kuna mstari wa mwisho katika barua ya Agnes ambao hakumwambia mtu. Aliusema kwa ghaibu: "Tangu hapo kila Ijumaa nawaombea wale watoto wawili, na baada yao namwombea mfalme."

"Wote watatu," Hester alisema.

"Wote watatu. Nilikuwa na hasira mno kuuelewa." Alijifuta uso, akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake vya kanisani chini ya kabati. "Mwambie Mchungaji nitasoma. Kurasa zote mbili. Na yule Mlankasta wenu mpigie simu aje mapema, viti vya mbele huwahi kujaa."