Wateja Waliomkataza Mama Kula

Kila asubuhi kabla ya shule, Pindo alimfunga mama yake vifungo vya gauni. Jina hilo alipewa akiwa mdogo, kwa vile alikuwa habanduki kwenye pindo la nguo ya mama. Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Mama, fundi cherehani aliyejulikana mtaa mzima, vidole vyake vilikuwa vimevimba, vya moto, na hata kushika kifungo hawezi.

"Taratibu, we mtoto! Unanifunga au unaninyonga?"

"Nakufunga usitoroke, mama."

Mama alicheka kidogo, akarudi kulala. Baba alikuwa dereva wa lori, yuko safari ya mbali. Nyumba ilibaki na watu wawili, na mmoja mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inakosea adui na kushambulia viungo. Kuna wiki unapoa, kuna wiki unawaka. Mama alikuwa na vidonge vya hospitali, na vilikuwa vinamsaidia. Lakini safari hii ulipowaka, wateja nao wakaanza.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha kushonea. Kila aliyekuja kuulizia nguo yake alimkuta Pindo, akamwachia ushauri.

"Nyanya ndizo zinammaliza mama yako," alisema mama wa gauni la kijani. "Acha kabisa!"

Fundi rangi, aliyefuata suruali yake, akasema mayai ni sumu. Mwalimu wa kwaya akakataza maharage, maziwa na samaki, kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Pindo hakubisha. Moyoni alikuwa na hofu moja: vidole vya mama vikikakamaa moja kwa moja, mama hatashona tena, na yeye atapelekwa kukaa kwa shangazi asiyemjua hata sura. Hofu hiyo hakumwambia mtu. Akatii kila mteja. Akitoka shule, mbio nyumbani, anawasha jiko.

"Pindo! Njoo turuke kamba!" wenzake waliita dirishani.

"Nina kazi."

Waliita, waliita, mwisho wakachoka kuita.

Sufuria nayo ikabaki na uji mweupe tu. Pamoja na huo, mama alipata chai yenye sukari tele, soda na biskuti. Vitu hivyo hakuna aliyevikataza. Wateja wenyewe ndio walikuja navyo kumpa mgonjwa pole.

Mama akazidi kuumwa. Akipewa uji anasema "asante", anageukia ukutani. Pindo alikula peke yake chumba cha mbele, katikati ya magauni na mashati yaliyotundikwa, kama mtu aliyezungukwa na wageni wasio na vichwa. Hakuna hata mmoja wa kumuuliza ameshindaje.

Asubuhi moja mama alishindwa kusimama. Jirani yao, fundi baiskeli, akawapeleka kliniki.

"Vidonge unameza?" daktari aliuliza, huku akiminya vidole vya mama polepole.

Mama aliangalia chini. "Niliacha. Vinanichoma tumbo."

"Unavimeza na chakula?"

"Chakula gani, daktari? Uji mwepesi."

"Kwa nini uji tu?"

"Nilidhani hela ya matumizi imeisha, na mtoto anaona haya kusema. Nikaona nisimuulize."

Pindo akaangua kilio. "Hela ipo, mama! Ni mimi!" Akaeleza yote, mteja mmoja mmoja.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Na soda nani alikataza?"

"Hakuna."

"Ajabu! Wamekataza kila kitu isipokuwa walichobeba mkononi." Mama akacheka huku akijifuta machozi. Daktari akaendelea, "Chakula kina sehemu yake, hilo si uongo. Samaki wenye mafuta, mboga, matunda na maharage huwasaidia wengi. Sukari nyingi na vya kukaanga kila siku vinaweza kuchochea uvimbe. Tena watu hawafanani: kinachomsumbua huyu, yule hakimfanyi kitu. Mkishuku chakula fulani, njooni tujaribu kukiacha hicho kimoja, msifagie jiko zima. Na chakula hakichukui nafasi ya dawa. Dawa ikikuchoma, niambie. Usiache kimyakimya."

Akambadilishia vidonge, akampangia siku ya kurudi.

Uvimbe haukuisha mara moja. Ulipungua kidogo kidogo, mpaka jioni moja mama akaweza kuja jikoni mwenyewe, akaketi kwenye kigoda huku Pindo akikaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, tayari kwa mchuzi wa samaki na nyanya. Hapo ndipo Pindo alipomweleza habari ya shangazi.

Mama akamshika bega.

"Kumbe ulikuwa umebeba hilo peke yako? Na mimi nilikuwa kule ndani nimebeba langu. Sikiliza, mwanangu. Watu wakikupa ushauri, washukuru, halafu kaulize kwa anayejua. Na kama ni habari ya mwili wangu, anza kwa kuniuliza mimi, ndimi ninayeishi humo. Tumeishi nyumba moja kama wapangaji wasiojuana, na ugonjwa ukapata nafasi ya kutambaa. Ukiwa na hofu, iseme. Mimi pia nitasema."

"Sawa, mama."

"Haya, pakua, njaa inauma."

"Niweke sahani mbili?"

"Moja," alisema mama, akisogeza kigoda karibu. "Ile kubwa."