Magazeti Thelathini na Mawili ya Dunga

Shemeji yangu Absalom alikuwa na wazimu mmoja tu: magazeti ya zamani ya hadithi za picha. Mwaka 1988 nilikaa kwake Nyamasaria kumsaidia dada yangu Adero, aliyekuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka saba ya kungoja. Kila Jumamosi sebule ilijaa majambazi wa kofia pana na wasichana waliofungwa kamba. Absalom aliyapanga magazeti kwa madaraja. La kwanza lilitaka kava linalong'aa, pini zisizo na kutu na mgongo usiopasuka. Gazeti likiwa na maandishi ya mwenyewe, hata ya penseli, lilishuka hadi la tatu, na mteja wake mkuu, Bwana Mureithi wa Milimani, la tatu hakuligusa.

Jumamosi moja alinichukua hadi Dunga kwa mjane aitwaye Rosa. Mwanawe wa pekee alikuwa amezama ziwani kabla hajaoa, akaacha magazeti thelathini na mawili yaliyotunzwa vizuri ajabu. Kwenye kona ya juu ya kila kava palikuwa na jina lake, kwa penseli.

"Chukua," Rosa alisema. "Lakini hii jina usifute, baba. Haijapata mtoto bado."

Kwetu jina la marehemu haliachwi bure. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wakubwa humtajia majina ya waliokufa, na lile anyamazalo nalo ndilo lake. Absalom alilijua hilo kama anavyojua kula. Akaapa mbele yangu kwamba hatafuta.

Jumatatu akanipa raba ya kufutia. "Wewe una mkono mwepesi, shemeji."

Ningependa kusema alinilazimisha. Hakunilazimisha. Nilifuta kumi na manne, yeye kumi na manane, na tulikuwa tunacheka. Makombo tuliyapuliza nje ya mlango. Bwana Mureithi alichukua yote kama daraja la kwanza.

Wiki tatu baadaye Adero alijifungua mvulana. Alilia tangu saa ya kwanza na hakutaka titi. Siku ya pili mama mkwe wake, Maximilla, alikuja na wanawake wa ukoo wakaanza kumtajia majina, ya babu, ya mashangazi, ya watu waliokufa kabla ya reli. Mtoto alilia. Siku ya tatu sauti yake ilianza kukwaruza. Nikainua macho, Absalom alikuwa ananitazama.

"Alikuwa anaitwa nani?" alininong'oneza.

Nikafungua mdomo. Jina nililolisoma mara kumi na nne halikuwepo.

Tulikimbilia Milimani. Bwana Mureithi alituletea magazeti, tukayainamisha kwenye mwanga wa dirisha, moja baada ya jingine. Hapakuwa hata na alama ya penseli iliyobonyea. Akatusifu kwa kazi safi.

Dunga tulimkuta Rosa anaanika dagaa wa omena. Absalom alipiga magoti mchangani.

"Mama, niambie tu jina yake. Mtoto yangu anakufa."

Rosa aliendelea kutandaza omena. "Ile Jumatatu baada ya nyinyi kuja nilikuwa naomba Mungu, namtaja. Jina ikaishia kwa mdomo." Akageuka. "Mimi nilimzaa na sijui alikuwa anaitwa nani. Sasa unataka nikusaidie aje?"

Akatupeleka nyuma ya nyumba kwenye msalaba wa saruji wa kaburi la mwanawe. Mahali pa jina palikuwa laini kama sahani. Rosa akaanza kucheka. Tulimsikia mpaka barabarani.

Siku ya sita mtoto aliishiwa sauti. Mdomo ulibaki wazi. Kifua kilipanda kwa kulia. Kimya. Absalom alikaa kando yake akitaja majina, yoyote, ya watakatifu, ya wachezaji mpira, ya mabasi. Adero alitutazama sisi wawili, akaelewa kwamba kuna jina tulilolifuta.

Siku ya nane, saa sita mchana, mtoto alikata roho.

Tulimwosha mimi na Adero. Nilimfungua ngumi. Kiganja hakikuwa na mstari hata mmoja. Nikafungua cha pili. Nikageuza nyayo. Laini.

"Mlitumia nini?" Adero alinong'ona.

"Raba."

Hajasema nami tena hadi leo, na simlaumu. Absalom namlaumu, kwa sababu ni rahisi.

Mwaka 1993 nilijifungua msichana, mnene, mwenye afya. Alilia kidogo, akatajiwa jina la nyanya yangu, akanyamaza papo hapo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti hadi wauguzi wakacheka. Walipotoka nikamfungua mkono wa kushoto. Mistari yote ilikuwepo.

Wa kulia nilipoufungua, nilimvalisha soksi, haraka, kabla mume wangu hajaingia.