Kibodi Haikunywa Chai

Mama Chapa alikuwa na duka dogo la kuchapa na kutoa nakala. Alifanya kazi na wifi yake, mdogo wa mumewe. Yeye alichapa, wifi alipanga karatasi na kuzibana pini.

Kompyuta yao ilikuwa imejaa virusi. Mteja alichomeka flashi, kazi zikapotea. Ndipo fundi wa kompyuta, jirani yao, alipowawekea mfumo mwingine, Linux.

"Ni wa bure, na virusi hivi vya flashi haviusumbui," alisema. "Ila mtajifunza upya kidogo."

Asubuhi moja printa iligoma. Fundi alikuwa amemwachia Mama Chapa amri ya kuweka programu ya printa. Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Akaandika herufi moja moja, akabonyeza Enter. Kompyuta ikamwomba neno la siri.

Akaandika. Haikutokea hata herufi moja. Akagonga vitufe kwa nguvu. Wapi!

Mwalimu aliyesubiri mitihani ya darasa lake akachungulia. "Vipi, Mama Chapa, mashine imekushinda?"

Uso ukamwiva kwa aibu. Akamgeukia wifi.

"Wewe na chai yako! Umeimwagia kibodi!"

"Wifi, chai nilinywea nje."

"Nje wapi? Kibodi imekufa, na muuaji ni wewe!"

Wateja walicheka. Wifi hakucheka. Aliweka pini mezani, akaingia chumba cha nyuma kufunga mkoba wake.

Mama Chapa akaipindua kibodi, akaitikisa. Halikudondoka hata tone la chai. Yalidondoka makombo ya mkate, nayo yalikuwa yake mwenyewe.

Fundi akaingia, akaambiwa kibodi imekufa. Akatazama kioo.

"Nani kaandika amri hii?"

"Mimi. Sasa hivi tu."

"Kwa kibodi gani?"

Mama Chapa akairudisha kibodi mezani. Alitamani ardhi ipasuke.

"Kibodi ni nzima," fundi akasema. "Hapa Linux haionyeshi neno la siri, hata nukta. Ni ili aliye nyuma yako asijue hata lina herufi ngapi. Andika bila kuona, kisha Enter. Ukikosea, itakuomba tena. Na amri usiyoijua, usiipe neno lako la siri. Uliza kwanza."

Mama Chapa hakugusa kibodi. Alikwenda chumba cha nyuma, akamshika wifi mkono, akamleta mbele ya wateja.

"Nimekusingizia mbele ya watu," alisema, macho chini. "Nakuomba radhi mbele yao. Kosa ni langu. Sikujua, nikaona haya kusema sijui."

Wifi alimtazama. "Na muuaji je?"

"Hakuna maiti, wifi yangu."

Wifi akaguna, kisha akacheka. Mama Chapa akaandika neno la siri bila kuona kitu. Akabonyeza Enter. Mistari ikaanza kushuka, programu ikaingia. Mwalimu akapata mitihani yake.

Jioni fundi alimfungulia wifi akaunti yake mwenyewe. Mama Chapa akampisha kwenye kiti.

"Kaa. Kuanzia leo tunachapa wote. Na mimi nikikwama, nitakuuliza."

Kwenye dirisha lile jeusi, wifi akaanza kuandika neno lake la siri. Kioo hakikuonyesha kitu. Hata hivyo, Mama Chapa aligeuka, akatazama ukuta mpaka wifi alipomaliza.