Mteja wa Kinya

Kitendawili! Sema tega, mjukuu wangu. Nina mifugo wasio na pembe, huimba wakija kula, na mchungaji wao hufurahi wakimtoroka.

Ukisema mbu, umepata nusu. Nusu nyingine ilikwama mdomoni mwa Kinya, binti wa kuuza mchele soko la Wang'uru, mpaka ikamchoma.

Siku ya soko kijana mmoja, Gatobu, alisimama mbele ya magunia ya Kinya, shati jeupe limenyooshwa pasi, mkononi ndoo iliyofunikwa neti. Kinya, kitenge cha manjano kimejaa vumbi la mpunga, akamuuliza kama amebeba vifaranga.

"Wangu ni wadogo zaidi. Mimi ni mfugaji."

"Basi nunua pishori uwalishe."

"Hawali mchele, mimi ndiye nakula. Nipimie kilo mbili, halafu unipimie na nambari ya simu."

Kinya akacheka, akampa. Simu zikaanza, asubuhi malkia, jioni sukari ya roho. Gatobu akamweleza mifugo wenyewe: mbu wenye bakteria fulani, wanaoachiliwa wazaane na mbu wa mtaani, ili katika vizazi vyao virusi vya homa ya dengue vishindwe kukua ndani yao. Kinya alielewa. Dengue ilishamlaza mamake, mifupa ikimuuma kama imetwangwa kinuni. Kuelewa hakukumshinda, kazi ilikuwa kusema mbele ya watu kwamba mpenzi wake hufuga mbu.

Jumapili Gatobu akaja kwao na mkate na sukari. Alikuwa mlangoni akivua viatu shangazi Beth alipouliza ndani, "Kinya, ati huyo kijana wako hufanya kazi gani?"

Wanawake waliokuja kunywa chai wakamgeukia, vikombe mkononi.

"Ni mteja tu, Anti."

Alipogeuka, wakaonana. Gatobu akaweka mkate mezani, akawaamkua wote kwa adabu, akavaa viatu vyake. Chai hakunywa.

Kinya akapiga simu. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Akapiga tena, na tena neno lake mwenyewe likamrudia sikioni. Aibu ikamkaa hata kwa mizani. Mchele ulikuwa unamwagika miguuni akiutazama tu.

Kisha wakazi wakaitwa kwenye uwanja wa kanisa, Gatobu aombe ruhusa ya kuachilia mbu wake. Watu wakaguna, ati hawa wetu hawajatutosha, sasa tunaletewa wageni? Beth akainuka, akauliza kama mwenye mbu ana hata mtu mmoja hapa wa kumsimamia. Akamgeukia Kinya.

"Si huyu ndiye mteja wako? Haya, tuambie leo. Hufanya kazi gani?"

Gatobu akainamisha kichwa kama mtu anayengoja kofi.

Kinya akasimama. Leso ikamwanguka begani, hakuiokota.

"Hufuga mbu, Anti, ili mama asilale tena vile alilala. Na si mteja. Ni wangu, kama bado ananitaka."