Misekoya Inayongoja Moto

Jua lilikuwa linazama Jebel Ali pale Peninah alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa moyo mweupe kabisa. Alishuka kwenye basi la kampuni, akaenda kwenye kibanda cha lango la jumba alilokuwa akililinda, akafungua kitabu cha zamu. Akaandika jina lake, akatia sahihi. Kisha akatazama nyuma, akaandika jina la Judy, binti ya shangazi yake, akatia sahihi ya pili kwa mwandiko wa kuigiza.

Judy hakuwapo. Alikuwa Sonapur, kambini kwa wafanyakazi, kwenye kitanda cha juu, siku ya tatu ya homa, na Everlyn wa chumbani mwao alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji. Mwaka huo wa 2016 alishakosa kazini mara mbili. Ya tatu ingekuwa khalas, ndege ya kurudi Vihiga. Na ni Peninah aliyemshawishi aje, ni yeye aliyemwapia shangazi kwamba atamtunza. Walinzi wote waliandikiana hivyo. Nani angemlaumu?

Ndani ya jumba la kioo kulikuwa na baridi ya milimani, iliyotengenezwa na mitambo usiku na mchana. Humo ilisimama misekoya minne, miti myekundu minene, hata watu sita walioshikana mikono wasingeweza kuuzunguka mmoja. Kwao, katika milima ya Marekani, huishi miaka elfu tatu, na msitu wao unalindwa: huruhusiwi kuokota hata tunda lililoanguka. Arbab, yule tajiri mwenye jumba, aliipataje, hiyo ni siri yake. Aliileta pamoja na udongo wake. Mizizi yake haizami sana. Hutambaa karibu na uso wa ardhi, mti huu ukaushika ule, ndiyo maana watu walipita juu ya njia ya mbao tu.

Jambo moja lilimkosesha arbab usingizi. Miti ile haikuotesha hata mche mmoja. Matunda yake magumu, makubwa kama yai la kuku, hukaa yamefumba hata miaka ishirini yakingoja joto la moto wa msituni. Ndipo hupasuka, mbegu zikaangukia kwenye majivu. Sasa Dubai, nani angewasha moto ndani ya jumba la kioo?

Peninah alikuwa katikati ya mzunguko wa kwanza aliposikia.

Ta...

Akasimama. Mitambo ilikuwa ikivuma tu.

Ta... ta...

Kitu chepesi kikamwangukia begani. Mbegu, ndogo kama kapi la mpunga. Ikafuata nyingine. Kisha harufu ya moshi ikamfika puani, moshi wa kuni mbichi, lakini taa ya king'ora ilibaki kijani. Akanyoosha mkono, akagusa gome la mti uliokuwa karibu. Lilikuwa la moto. Moto wa paji la uso la mgonjwa. Akaurudisha mkono haraka.

Redio ya kiunoni ikakwaruza.

"Peninah... mbona umenileta huku?"

Sauti ya Judy.

Akampigia Everlyn simu. Everlyn alisema hali imekuwa mbaya ghafla, tangu jua lizame. Judy anajitupatupa kitandani, anasema amezungukwa na miti na kuna moto, anaomba atolewe. Na nywele zake zinanuka moshi.

Wakati huo akatokea Masuda, Mzanzibari aliyezaliwa papo hapo Dubai, mtunzaji wa udongo wa miti ile. Alikuwa anatoka kazini, mkoba begani. Aliposikia milio ile akasita, uso ukambadilika.

"Nani umemtia kitabuni na mwenyewe hayumo?" akanong'ona.

Peninah akamwambia.

Masuda akasimulia upesi, bila kumtazama. Mwaka uliopita walinzi wenzake waliandika jina la Matia, mlinzi kutoka Uganda, naye yuko kitandani na homa. Jioni ile lilipasuka tunda moja. Asubuhi Matia akakutwa amekufa, shuka lake limeungua upande wa ndani. Kilichokuja na ule udongo Masuda hakijui jina, wala hataki kukijua. Anachojua ni kwamba kinatafuta moto, na homa ni moto.

"Kamfute, dada. Sasa hivi."

Akaondoka mbio, hata kwaheri hakusema.

Kumfuta ni kukiri, na kukiri ni kurudishwa nyumbani wote wawili, mikono mitupu. Ningependa kusema Peninah hakusita. Alisita. Alisimama pale mpaka tunda la saba likapasuka, ndipo akatimua mbio. Akalikata jina la Judy kwa mistari mitatu hadi karatasi ikatoboka. Akamwita Harrison, msimamizi wao, kwenye redio, akamwambia kila kitu: Judy hayupo, sahihi ameitia yeye, amfukuze akitaka.

Milio ikakoma.

Baridi ikarudi. Simu ikaita, Everlyn alikuwa akicheka na kulia. Homa imeshuka, Judy ameketi, anaomba uji. Peninah akakaa chini kibandani, akalia kama mtoto.

Baada ya nusu saa Harrison akafika kwa gari. Alikuwa mtu wa sauti ya upole, Jumapili ndiye aliyewaongoza kwenye maombi. Akasoma kitabu, akatikisa kichwa. Arbab ameahidiwa walinzi wawili kila zamu, akasema, na kesho ana wageni. Hawezi kuonyeshwa pengo. Akatoa kalamu.

Peninah akamshika mkono. Akamweleza habari za Matia, za moshi, za sauti ile. Akapiga magoti.

"Harrison, nakuomba. Utamuua."

"Hiki ni kitabu tu, Peninah," akasema, akiutoa mkono wake taratibu. "Wacha drama."

Akaliandika jina kwa mwandiko mzuri, herufi moja baada ya nyingine. Akakifunga kitabu, akaondoka nacho. Peninah akalikimbilia gari hadi barabarani, akipigapiga kioo, mpaka taa zikapotea.

Nyuma yake matunda yakaanza kupasuka. Si moja moja tena. Mamia, kama bisi kwenye sufuria. Na katikati ya milio ile redio ilikuwa wazi, Judy akilia, akimwita mama yake, kisha akimwita Peninah, muda mrefu sana.

Kisha hakumwita mtu.

Everlyn alipopiga simu, Peninah hakupokea.

Asubuhi arbab akaja na wageni wake. Chini ya misekoya kulijaa miche, myembamba kama njiti za kiberiti, kijani kibichi. Wageni wakapiga picha. Arbab akampa Harrison mkono, akamuuliza kama itawezekana vilevile kwenye jumba la pili lililokuwa likijengwa. Harrison akajibu, inshallah.

Kisha akamfuata Peninah kibandani. Hakumfukuza. Alimletea chai. Akampa pole, akasema amewaombea wafiwa, na mwili utasafirishwa wiki hiyo hiyo. Akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Yule Matia pia alikuwa na homa, sivyo?" akauliza kwa sauti ya chini. Akafungua ukurasa mpya wa kitabu, akaweka kalamu juu yake. "Sasa huko Sonapur, nani mwingine ni mgonjwa?"

Peninah akafumba mdomo. Lakini, Mungu amsamehe, jina lilikuwa limeshamjia.