Mtu wa Mia Mbili

Vichupa mia moja tisini na tisa vilikuwa vimeganda mpaka ungemrushia tembo kimoja angelazwa wiki nzima. Kile cha mia mbili kilikuwa na joto. Joto la yai lililotolewa sasa hivi chini ya kuku. Saa nne asubuhi, jua kali nje, friza ya maabara inanguruma kama kawaida, na kichupa kimoja humo ndani kinafuka mvuke.

Mwenye vichupa alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, dada mmoja ambaye nyumbani walishaanza kumwita Daktari ingawa hajawahi kumchoma mtu hata mwiba. Shahada yenyewe si ile ya kukaa darasani mkasinzia. Ni ya utafiti: unapewa swali moja na miaka miwili ya kulihangaikia. Swali lake lilikuwa minyoo ya tumbo, nani anayo na mingapi. Sasa minyoo haikai kwenye vitabu, inakaa unakokujua, kwa hiyo miaka miwili Daktari alipiga hodi kwa watu na kuwaomba mavi, kwa adabu, na fomu mkononi. Wengine walimpa ya kubana, kiasi cha punje ya mchele. Fundi viatu mmoja alileta mzigo wa kupiga lipu nyumba ya vyumba vitatu na choo cha nje.

Mpango uliopitishwa na kamati ya maadili ulisema watu mia mbili. Wiki ya mwisho akawa na mia moja tisini na tisa. Angeandika tu kwamba amepungukiwa mmoja, mbingu isingeshuka. Lakini msimamizi wake alikuwa mtu wa kurudisha kurasa tisini kwa sababu ya nukta moja, kazi ilitakiwa Ijumaa, na ikichelewa hapo jina lake linafutwa chuoni. Shangazi yake naye, aliyemlea na anayeishi naye, alishawatangazia majirani mpaka wale wasiosikia.

Basi akachota nusu ya mzigo wa fundi viatu, akaiweka kwenye kichupa kipya, akabandika namba 200. Akajaza fomu ya mtu asiyekuwepo. Mwanamume. Miaka arobaini. Kazi hana. Anwani ilimkwama, akaandika ya kwao. Chakula: hula chochote. Palipotakiwa dole gumba la ridhaa aliogopa lake litajulikana, akavua kiatu, akapaka wino dole gumba la mguu, akagonga.

Hicho ndicho kichupa kilichokuwa na joto.

Alikirudisha akajiambia friza ni mbovu. Kesho yake akakuta vichupa kumi na vinne vitupu. Havikumwagika. Vimelambwa. Vifuniko vimefunguliwa vizuri vikapangwa pembeni, na ndani ya kila kimoja plastiki inang'aa kama sahani ya mtoto aliyependa mchuzi, na mate yananing'inia ukingoni, mazito, ya manjano. Alitapika kwenye sinki, akatapika na cha juzi, kidogo atapike na maziwa ya mama.

Alipofika nyumbani mchana, shangazi alimvuta hadi jikoni na kufunga mlango.

"Mwanangu, una mgeni sebuleni. Ni mwenzako wa chuo?"

Daktari akauliza yukoje. Shangazi akashusha sauti zaidi. Mtu mwenyewe alikuja tu akakaa. Kabla hajaulizwa alisema ana miaka arobaini na kazi hana. Alikaribishwa chakula, akala chake, akala cha wote, akala ukoko, akala maganda ndani ya ndoo ya taka, akala na sabuni ya kuoshea vyombo, akashukuru.

"Na ananuka," shangazi alisema. "Siyo jasho. Ananuka kama ndani ya mtu."

Daktari alikwenda sebuleni. Fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika sura, na kweli mgeni hakuwa nayo: mbele ya kichwa palikuwa na kitu kama unga uliokandwa ukaachwa, matundu mawili na mpasuo, na chini ya ngozi ya mashavu vitu vyembamba vilikuwa vinahama, taratibu, kutoka sikio hadi sikio, kama kamba zinazotafuta pa kutokea. Alinyoosha mkono kusalimia, na pale panapokaa dole gumba palikuwa na dole la mguu, nene, lenye sugu, na kucha yenye rangi nyekundu iliyobanduka upande mmoja, ileile aliyoipaka Daktari Jumapili.

"Kwenye fomu uliahidi utarudi kunitembelea," mgeni alisema kwa upole, na kila neno lilitoka na kapovu. "Hukurudi. Nikaona nije mimi."

Shangazi alimleta mganga siku hiyohiyo, mama mmoja mnene aliyedai ametoa majini sabini, mengine yakiwa bado njiani kuja. Aliingia sebuleni na ubani wake na kujiamini kote. Alitoka kabla ubani haujashika, kajifunika pua kwa khanga, macho yanamtoka machozi, akaenda kujiinamia kwenye maua ya jirani kwa muda mrefu. Akawaambia hii kazi haiwezi. Hilo ni jini lililokuwa linazurura bila mwili, likakuta mwili umeandaliwa, una umri, una nyumba, una ridhaa.

"Mimi natoa majini wasiokuwa na karatasi," alinong'ona. "Huyu ana fomu. Aliyemwandika ndiye amfute, na mkubwa wake atie sahihi."

Alhamisi asubuhi Daktari alikwenda chuoni kwa miguu, na nyuma yake, hatua kumi hivi, kilikuja kile kitu, kinatembea kwa mlio wa mtu aliyevaa soksi zilizolowa, na watu njiani walikuwa wanapisha bila kujua wanampisha nani, wanaziba tu pua na kulaumu mitaro, na kila alipogeuka alikikuta kimeinama kinaokota cha kula, ganda, kohozi, panya aliyekanyagwa juzi, na kila kilipomeza vile vitu vya mashavuni viliharakisha, mpaka Daktari anaingia ofisini kwa msimamizi shati limemganda mgongoni.

Alieleza yote. Msimamizi hakushtuka. Aliinuka, akasubiri kile kitu nacho kiingie, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ndogo kama ni huyo mmoja tu.

"Mmoja, Mwalimu."

"Una bahati. Mimi nilipungukiwa kumi na mmoja."

Ukutani nyuma ya meza yake kulikuwa na mlango wa stoo ya mafaili. Nyuma ya mlango huo kitu kilicheua, kingine kikajibu. Msimamizi alimwambia atulie afikiri. Akimfuta mtu wa mia mbili, kamati itauliza na wengine, kazi yote itatupwa, aanze tena na mtu wa kwanza, kama chuo kitamkubali. Akimwacha, kesho anamsainia na mwaka huu anavaa joho. Harufu unaizoea. Yeye mkewe hakuizoea, aliondoka, lakini chuo kilimpandisha cheo.

Daktari alifikiria nyumba mia moja tisini na tisa alizopiga hodi. Alimfikiria shangazi na mdomo wake mtaani. Kalamu iko mezani, fomu iko mezani. Ndipo mkono ukamtua begani kutoka nyuma, mzito, wenye unyevu, na lile dole la mguu likaanza kumpapasa shingoni, polepole, kwa mapenzi, jinsi mtu anavyompapasa ndugu yake, na hewa ya moto ikamjaa sikioni yenye kila kitu kilicholiwa njiani.

"Futa, Mwalimu."

"Una uhakika?"

"Nitaanza na mtu wa kwanza. Futa."

Msimamizi alivuta mstari mmoja juu ya namba 200, akatia sahihi na tarehe. Mkono ukatoka begani. Daktari alisubiri kile kitu kiyeyuke, kiwe moshi, kitoke dirishani. Hakikutoka dirishani. Kilizunguka meza na soksi zake zilizolowa, na mlango wa stoo ukafunguliwa kutoka ndani.

"Kumi na wawili," alisema msimamizi, akavuta kiti chake mbele kidogo ili mgeni apite.